Kiti cha Nyuma cha Mtumbwi

Mwezi ule watu wote wa Riyadh walikuwa wakiomba mvua, isipokuwa mmoja. Misikitini iliswaliwa sala ya kuomba mvua, na nyanya wa nyumba aliyofanyia kazi Selipher aliinua mikono kila baada ya sala mpaka mikono yenyewe ikamlalamikia. Selipher naye aliomba, jikoni, huku akisugua sufuria, ila ombi lake lilishika njia yake. "Mungu wangu," alinong'ona, "hawa ni watu wako, wape mvua yao. Lakini wape Jumamosi."

Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Jumatano familia nzima ilipangiwa kwenda Jeddah kwa wazazi wa madam, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, na Selipher alikuwa ameshaambiwa afungashe nguo za watoto. Na Jeddah alikuwako Rael, dada yake, aliyemlea, aliyemfundisha kusuka nywele na kusema uongo mdogo mdogo wa lazima. Rael aliondoka kwao Budalang'i asubuhi ambayo Selipher alikuwa kwenye chumba cha mtihani, basi hawakuagana. Ilikuwa miaka sita sasa. Wawili hao walikuwa nchi moja kwa miaka miwili bila kuonana hata unyayo, na sasa mkataba wa Rael ulikuwa umekwisha na ndege yake ilikuwa Ijumaa jioni. Selipher alikuwa ametia sahihi miaka mingine miwili. Akimkosa Ijumaa hiyo, amemkosa.

Mtu atauliza mvua iliingiaje hapo. Iliingia kwa sababu ya mtumbwi.

Baba wa nyumba ile alisomea Kanada akiwa kijana. Huko wenzake walimchukua siku moja wakaenda kupiga kambi porini kwa mtumbwi, wakanyeshewa siku tatu mfululizo, wakala maharagwe ya kopo, na yeye akarudi nyumbani akiwa na shahada mkononi na ugonjwa wa mtumbwi moyoni. Alipopata kazi nzuri aliagiza wake, mwekundu, wa plastiki ngumu, na makasia mawili. Ulikaa juu ya dari ya nyumba miaka mitatu, umefunikwa kifudifudi karibu na kamba za nguo, ukingoja maji katika mji usio na mto. Kila Jumamosi Selipher aliufuta vumbi. Yeye aliyezaliwa kandokando ya mto Nzoia, ambaye babake huwavusha watu kila mto ukivunja kingo na ambaye alishika kasia kabla ya kushika kalamu, alikuja kufuta mtumbwi vumbi jangwani kwa kitambaa cha manjano. Alicheka peke yake siku ya kwanza. Baadaye alizoea.

Jumanne alasiri mbingu zilifunguka. Kwao Selipher mvua kubwa ikija, watu hukimbilia ndani. Riyadh watu walikimbilia nje. Walifungua milango, wakawasha magari, wakapakia mazulia, majiko na birika za kahawa, wakaelekea jangwani kuitazama mvua kama watu wanaokwenda harusini. Baba alitoka kazini saa nane, akapanda darini na viatu vyake vya ofisi, akashuka na mtumbwi kichwani.

"Jeddah haikimbii," alimwambia madam. "Kuna bonde nalijua, saa moja na nusu kutoka hapa. Mvua hii itakuwa imelijaza. Tunalala siku moja tu. Mtumbwi ukivuka ng'ambo na kurudi, tunafunga mahema tunakwenda kwa baba yako. Usipovuka, tunakaa mpaka Jumamosi. Nimeungoja miaka mitatu, na kaka zangu wamenicheka miaka yote hiyo mitatu."

Madam alikuwa mwanamke msomi, mwenye ulimi mkali akitaka, lakini alijua ugonjwa ukipanda hautulizwi kwa maneno. Selipher, aliyekuwa akikunja suruali za watoto, alitamani kusema, "Bosi, nina dada Jeddah." Hakuweza, na hapo ndipo penye aibu yake.

Wakala wa Nairobi aliyempeleka yeye na wenzake alikuwa amewaonya. "Mkiulizwa kama mna ndugu Saudia, semeni hamna. Mwenye ndugu huko hudhaniwa atamtorokea." Siku ya kwanza madam alimkalisha jikoni akamuuliza kwa upole. Una dada? Selipher alijua neno moja tu la Kiarabu, nalo lilikuwa la kukana, akalitumia: mafi. Kaka? Mafi. Mama? Ulimi ulikuwa umeshashika mteremko. Mafi. Baba? Mafi. Kwa muda usiozidi kuchemsha yai alikuwa amezika ukoo mzima. Nyanya, mama yake bosi, aliposikia, machozi yalimtoka. Tangu siku hiyo Selipher alikuwa yatima wa nyumba ile. Aliwekewa ubavu wa kondoo, alipewa shali mpya kila sikukuu, na Rael aliyepiga simu kila wiki akawa "shoga yangu mmoja". Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ya Selipher ilikuwa imeingia mwaka wa pili na bado inapitika.

Basi Jumatano wakaiacha barabara ya Jeddah wakashika ya kaskazini. Bonde lilikuwa kama bosi alivyosema. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yametanda kati ya miti ya miiba, hayapiti kifua cha mtu mzima, na ng'ambo ilionekana vizuri, kama umbali wa viwanja vitatu vya mpira. Bosi alichagua mahali pa kusimamisha mahema: chini kabisa, kwenye majani mabichi, karibu na maji, pazuri kwa picha.

Selipher alipatazama mahali pale, akawatazama sisimizi waliokuwa wakihama kwa mstari kuelekea juu na mayai yao midomoni, akachukua jiko, gesi, mchele na sufuria zake akaenda kuweka jikoni juu ya mwinuko wa mawe.

"Selipher," bosi alimwita akicheka, "chai yetu utaiteremsha kwa lifti?"

"Nitaiteremsha kwa miguu, baba," alijibu, akaendelea kupanga.

Alhamisi alfajiri mvua ilikuwa ikinyesha bila haraka, mvua ya kukaa. Nyanya aliamka kuswali, akatia mguu chini kutafuta ndara, akazikuta zimeshaondoka, moja mbele na nyingine nyuma, zikielea kuelekea mlangoni. Mazulia yalikuwa yakinywa maji. Watoto watatu walipiga kelele za furaha. Watu wazima walibeba magodoro kichwani wakapanda mwinuko mmoja baada ya mwingine, bosi wa mwisho, na kule juu wakamkuta yatima wao chini ya turubai kavu, chai ya tangawizi inachemka na mahamri yanageuzwa mafutani. Hakuna aliyetaja lifti. Madam alimtazama Selipher muda mrefu juu ya kikombe chake.

Selipher yeye alikuwa akitazama saa. Kutoka pale mpaka Jeddah ni mwendo wa kutwa. Wakiondoka kabla ya adhuhuri, watalala Jeddah, na Ijumaa atamwona Rael. Wakipitisha adhuhuri, bosi atasema njia inateleza, tulale, na mambo yote yatakuwa yameharibika.

Saa mbili unusu bosi aliingia majini. Alimweka kijana wake mkubwa mbele, yeye akakaa nyuma na kupiga kasia kwa nguvu zote upande wa kulia, na upande wa kulia tu. Mtumbwi ukamtii. Ulizunguka. Ulizunguka ukarudi ulikotoka, ukawatazama waliobaki ufukoni, ukazunguka tena. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini pale nahodha alikuwa mmoja na mrama ulikuwapo tele. Nyanya, aliyekalishwa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, alimuuliza mwanawe kama Kanada watu husafiri hivyo kila siku au ni kwa heshima ya wageni.

"Ni upepo, mama," bosi alisema.

Upepo haukuwepo. Selipher aliona kosa tangu mpigo wa kwanza. Lakini mfanyakazi mwenye akili hamfundishi bosi wake kazi mbele ya mama yake, basi aliuma ulimi akaosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi. Mara ya pili bosi alifika katikati, akagonga mti, akarudi kinyumenyume. Mara ya tatu aliinuka kujaribu kusimama, kiuno kikaita, akarudishwa ufukoni na mwanawe akiwa amejikunja kama ndoano. Walimlaza kwenye kiti cha gari, wakamkanda kwa dawa ya viungo.

"Halas, basi," alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Tutakaa mpaka Jumamosi. Kiuno kitapoa."

Saa ilikuwa nne kamili. Selipher alisimama mvuani na beseni lake la vikombe, na moyo ukamuuma hasa, maumivu ya kweli, kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Akilini alimwona Rael kule Jeddah, mtaa wa Sharafiya, na mabegi yake, anatazama huku na huku. Akaweka beseni chini.

"Madam," alisema, "twende mimi na wewe."

"Wapi?"

"Ng'ambo. Kwetu ni kwenye maji. Nitauvusha."

Madam alimtazama, akautazama mtumbwi, akamtazama mumewe kwenye gari. "Huyu Selipher anasema atauvusha," alimwambia kupitia dirishani. "Ukivuka ukarudi, tunakwenda Jeddah leo. Si ndivyo ulivyosema?"

Bosi alicheka mpaka kiuno kikamkumbusha. "Uvusheni," alisema. "Nitawapiga video niwapelekee kaka zangu." Hapakuwa na watu wengine bondeni, na maji yalikuwa ya kifuani. Walivaa majaketi ya kuelea.

Selipher alikuwa amepanga vizuri kichwani. Yeye akae nyuma, kwa kuwa anayekaa nyuma ndiye anayeongoza mtumbwi. Wa mbele ni wa kusukuma tu. Madam amkalishe mbele, amwambie apige kasia polepole, na kwa dakika ishirini kazi imekwisha. Lakini madam aliinua buibui lake kidogo, akapita moja kwa moja, akaketi kiti cha nyuma na kukunja mikono mapajani. Alikuwa ameketi nyuma maisha yake yote. Katika gari la babake alikaa nyuma, na wa mbele alikuwa dereva. Hata kwenye teksi, dereva mbele, bibi mwenye heshima nyuma. Mwenye kuendeshwa hukaa nyuma, na hakuona kwa nini mtumbwi uwe na desturi nyingine.

Selipher alisimama na kasia. Kumwambia madam ainuke lilikuwa neno ambalo miaka miwili haikuwa imemfundisha. Akaingia mbele, akasukuma, na mtumbwi ukaanza kupinda kushoto, kwa unyenyekevu uleule uliomwonyesha bosi.

"Unapinda," madam alisema.

"Naam, madam. Unapinda kwa sababu hapo ulipokaa ndipo pa dereva."

Mvua ilikuwa ikigonga plastiki.

"Sema tena."

"Mimi huku ni injini tu. Usukani uko kwako. Chukua kasia hilo, litie majini nyuma yako, ulishike hivyo. Ukilisukuma nje, mtumbwi unakwenda huku. Ukilivuta, unakwenda kule."

Katika nchi ile, mwaka ule, hapakuwa na mwanamke aliyeruhusiwa kushika usukani wa hata gari la kubebea maziwa. Madam alikuwa na shahada ya hisabati, na mkate ukiisha humpigia mumewe simu. Selipher alisikia kasia likiinuliwa, likigonga ubavu wa mtumbwi, likiingia majini. Mtumbwi ulipinda kulia sana, ukapinda kushoto sana, ukatikisika. Kisha ukanyooka.

"Ni mimi?" madam aliuliza.

"Ni wewe, madam."

Walivuka. Selipher alimsikia madam akipumua kwa nguvu kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake. Ng'ambo waligusa tawi la mti wa miiba, na kutoka mwinukoni wakasikia honi ya gari na vigelegele vya nyanya, hafifu, vikipita kwenye mvua. Ilikuwa saa nne na nusu. Kilichobaki ni kugeuza na kurudi, na Selipher alikuwa ameshafunga mahema yote moyoni.

Madam hakugeuza.

"Kule nyuma ya miti kuna nini?" aliuliza.

"Maji tu, madam."

"Twende tukayaone."

Wakaenda. Waliipita miti, wakaingia mkono mwingine wa maji, mwembamba, uliokwenda mbali kuelekea mashariki. Kambi haikuonekana tena. Madam alikuwa akipita kushoto kwa kisiki hiki, kulia kwa kile, kisha akawa anavielekea kwa makusudi, anakaribia na kukwepa, na ghafla akaanza kuimba chinichini wimbo wa arusi. Selipher hakuwa amewahi kumsikia akiimba. Alipunguza kusukuma, lakini madam alikuwa amejifunza upesi, na kasia moja lilimtosha. Injini inaweza kuzimwa. Usukani una mwenyewe.

Selipher alimwonea huruma madam, kweli alimwonea. Alijionea mwenyewe huruma zaidi. Dakika zilikuwa zinakwenda. Alishukuru Mungu kwa jambo moja, kwamba anayekaa mbele humpa mgongo aliye nyuma, kwa kuwa yale aliyotaka kusema hayakusemeka uso kwa uso. Mficha uchi hazai.

"Madam," alisema akiyatazama maji. "Mimi si yatima."

Wimbo ulikatika.

"Nina dada Jeddah. Anaitwa Rael. Kesho jioni anapanda ndege, anarudi kwetu kabisa. Sijamwona miaka sita."

Kasia la nyuma lilitoka majini likaachwa juu. Matone yalidondoka kutoka kwenye ncha yake.

"Dada peke yake?" madam aliuliza.

"Na mama."

"Mama yako yuko hai?"

"Jana alinitumia ujumbe. Anagombana na jirani kuhusu kuku."

"Na baba?"

"Anaendesha mtumbwi."

"Ndugu wengine?"

"Kaka watano. Nahashon ndiye mkubwa. Na nyanya yetu yuko, ila macho hayaoni vizuri."

"Mama mkwe wangu," madam alisema taratibu, "amewaombea dua watu hao miaka miwili. Aliwachinjia kondoo wa sadaka. Kondoo mzima."

"Najua, madam. Nilikula."

Mtumbwi ukaanza kutikisika. Selipher alishika kingo mbili, akadhani madam anainuka kwa hasira, akamwita Mungu wa kwao. Kumbe madam alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta uso kwa ncha ya buibui, na ulipokwisha ule mcheko sauti yake ilikuwa nyingine.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliambiwa mwenye ndugu Jeddah hudhaniwa atatoroka."

"Ungetoroka?"

Selipher alifikiri kusema hapana. Lakini alikuwa ameshachoka na kuzika watu. "Mwezi wa kwanza, ndiyo, madam. Sasa hapana. Sasa nataka kumwona tu, tuagane."

Mvua iliwanyeshea wote wawili sawasawa. Mbele yao maji yaliendelea, mapana tena, mpaka yakapotea kwenye ukungu. Selipher alijua madam anayatazama, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Na mimi," madam alisema mwishowe, "tangu tulipopita ile miti nilikuwa nawaza nisirudi."

Hakungoja kujibiwa. Alitia kasia majini. "Nionyeshe namna ya kugeuza," alisema, na Selipher alimwonyesha, na mtumbwi ukazunguka mzunguko mmoja mpana, mzuri, bila kugonga kitu.

Saa sita kasoro robo walipakia mahema yakiwa yamelowa. Bosi aliwatumia kaka zake video ya mtumbwi ukivuka. Mbali vile, na mvua ile, hapakuwa na wa kumtambua aliyekaa nyuma, na yeye hakuona haja ya kuwaeleza; alijifunga kiuno kwa shali akashika usukani. Habari za ukoo uliofufuka madam alizitoa njiani, baada ya kituo cha mafuta. Selipher aliinamisha kichwa kwenye kiti cha mwisho kati ya magodoro. Lakini nyanya alisema kwamba sadaka haipotei, kwamba watu wa huko lazima watakuwa na afya nzuri sana kwa dua zote zile, na kwamba akifika Jeddah angependa kumwona mmoja wao kwa macho yake.

Ijumaa baada ya sala walikwenda wote Sharafiya. Rael alikuwa amesimama nje ya duka la simu na mabegi mawili yaliyofungwa kwa kamba. Alikuwa amenenepa na mvi mbili tatu zilikuwa zimemtoka mbele. Alilitazama gari kubwa lenye mtumbwi mwekundu juu, akasogea lipite, na Selipher akashuka.

Hawakupiga kelele. Rael alimshika mashavu kwa mikono miwili kama anayepima embe. "We," alisema, "nani amekulisha hivi?"

"Ni hadithi ndefu."

"Nina saa moja. Fupisha."

Saa nzima walikaa kwenye ngazi za duka wakila mkate wa nyama kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono mwingine kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake. Maneno ya miaka sita walikuwa nayo, wakayatumia kuzungumza juu ya bati la jikoni kwa mama na nani aliolewa na nani. Nyanya alishushwa, akamtazama Rael kutoka utosini hadi miguuni, akampa shali. Alasiri ilipofika teksi ikaja, mabegi yakaingia, na dada wawili wakaagana vile walivyotakiwa kuagana asubuhi ile ya mtihani, kifua kwa kifua, bila haraka, mpaka dereva akapiga honi mara mbili na kukata tamaa.

Selipher alirudi garini akaketi mahali pake. Miaka miwili alikuwa amelilia bafuni, maji yamefunguliwa mpaka mwisho. Gari lilipoondoka alilia waziwazi, kwa sauti, mbele ya wote, na hakuna aliyemuuliza ana nini, kwa sababu sasa walijua anamlilia nani.